Pampu ya Jumatatu

Wiki iliyopita kwenye kikao cha bajeti jamaa wa fedha kaniuliza mbele ya watu wote, "Injinia, hii pampu ya dizeli tangu nije hapa sijaona imezima hata moto wa jiko, kwanini tunaichomea mafuta kila Jumatatu?" Watu wakacheka. Mi sikuweza kucheka, na usiku usingizi ukagoma.

Nina miaka 19 kwenye depo za mafuta huku Kigamboni, na kazi yangu yote ni vitu ambavyo kila mtu anaomba visitumike: pampu za zimamoto, povu, hosi, maboya ya kuzungushia mafuta yakimwagika baharini. Jumatatu saa moja asubuhi nawasha injini naiacha ingurume nusu saa, naangalia presha, nagusa bomba, nachungulia pakingi ya shafti, ile kamba ya kuziba maji pale shafti inapoingia kwenye pampu, maana lazima idondoshe maji kidogo kidogo, ikikauka kabisa inaungua. Hiyo nusu saa ndo jamaa wa fedha anataka iwe mara moja kwa miezi mitatu.

Sasa nimwambie kitu. Zamani nikiwa depo nyingine, Jumatatu moja nimewasha, injini ikalia "tik" ikanyamaza. Nikarudia, tik. Kufungua boksi la betri, vichwa vimeota unga mweupe wa kijani, na chaja imechomolewa, kwenye soketi yake kuna jagi la umeme la chai. Mlinzi wa usiku alikuwa na baridi, hakuwa na nia mbaya yoyote, na betri zenyewe zilishazeeka. Jumatatu ya nyuma yake ile pampu iliwaka vizuri kabisa. Siku saba tu ndugu zangu! Na asubuhi hiyohiyo meli ilikuwa inatushushia petroli. Mikono ilinitetemeka mpaka mchana.

Na msione ni mambo ya huku kwetu tu. Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi kwenye Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988: pampu za zimamoto zilikuwepo, nzima, ila zilikuwa zimetolewa kwenye kujiwasha zenyewe ili wapiga mbizi wasivutwe na maji yanayoingia kwenye pampu. Sababu ya kueleweka kabisa. Moto ulipolipuka ikabidi mtu azifuate kwa miguu kuziwasha, wawili wakavaa vifaa wakaenda, hawakuonekana tena. Walikufa watu 167. Na majaribio ya kabla ya hapo yalishaonyesha baadhi ya nozeli za maji zimeziba kutu, yani hata pampu zingewaka maji yangepita wapi? Mi hao wawili huwa nawafikiria sana, kwasababu ni watu wa kazi yangu.

Meli ya mafuta Exxon Valdez nayo, ilipomwaga mafuta Alaska, Machi 1989: tishali la kubebea vifaa vya kuzuia mafuta lilikuwa limeharibika, vifaa vimeshushwa, vingine viko chini ya theluji. Mpango ulisema vifaa vitafika ndani ya saa 5, vilichukua zaidi ya 12, na karibu galoni milioni 11 zikaingia baharini. Kwenye karatasi vifaa vyote vilikuwepo.

Haya, nakubali spea ni ghali, na kuna wauzaji wanatupiga bei hasa kwenye povu, hapo jamaa wa fedha abane anavyotaka nitamsaidia. Ila Jumatatu yangu asiiguse. Vijana wa mafunzo nao wananiuliza mbona kitengo hiki hakina sifa, mwaka mzima ripoti inasema hakuna tukio, na mi nawajibu kweupe kwamba ndo mshahara wangu huo, nataka nistaafu na ripoti ya hivyohivyo.

Kikao kingine ni Alhamisi. Ile betri iliyolia tik niliitunza miaka yote hii stoo, jana nimeifuta vumbi, unga wake nimeuacha. Naenda kuiweka mezani mbele yake.