Acheni Kuandika "Wagonjwa Waelimishwe"

Wiki iliyopita nilikaa kwenye ukumbi wa chuo kimoja cha uuguzi nikiwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwasilisha tafiti zao. Mada zilikuwa nzuri kweli. Mmoja aliuliza wagonjwa wa kisukari wanaishije na ugonjwa wao, mwingine aliwafuata wenye presha kujua yanayowakuta dawa zinapoisha, mwingine alizungumza na akina mama wanaolea watoto wenye selimundu. Vijana walikuwa wamekwenda vituoni, wamekaa na watu, wamerekodi, wameandika neno kwa neno. Mzee mmoja amewaambia nauli ya kwenda kliniki na kurudi ndiyo pesa ya chakula cha nyumba nzima. Dada mmoja amesema anajichoma insulini chooni kwa sababu mawifi zake wanadhani anajidunga madawa ya kulevya. Mama mwingine amesema aliacha kliniki tangu siku nesi alipomfokea mbele ya foleni nzima.

Halafu tukafika kwenye mapendekezo. La kwanza kwa kila mmoja wao lilikuwa lilelile: wagonjwa waelimishwe juu ya umuhimu wa kufuata matibabu.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mtu amekwambia hana nauli, wewe unampelekea somo. Mtu amekwambia amefokewa, wewe unapendekeza aliyefokewa ndiye afundishwe. Umemtoa nyumbani, umechukua saa nzima ya siku yake, amekufungulia kifua, umeandika hadi vituo alivyokuwa akipumzika kati ya maneno, na mwisho wa yote ripoti yako inasema tatizo ni kwamba hajui.

Siwalaumu wanafunzi. Pendekezo hilo wamelikuta kwenye ripoti za waliowatangulia, limepita kwa msimamizi, limepita kwa mtahini, likapigwa mhuri. Ni pendekezo salama. Halimgusi mganga mfawidhi, halimgusi muuguzi wa zamu, haligusi bajeti wala ratiba ya kliniki. Anayeguswa ni mgonjwa peke yake, naye hataisoma ripoti hiyo, maana alihojiwa kwa Kiswahili, ikaandikwa kwa Kiingereza, ikafungiwa maktaba.

Niwaeleze kuhusu bibi mmoja, maana kwake ndiko nilikoona wazi jinsi pendekezo hili lilivyo bovu.

Anahudhuria kliniki ya kisukari ambako huwa tunapeleka wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo. Daftari lake amelivisha karatasi ya kalenda ya zamani lisichakae. Ukilifungua unakuta sukari ya asubuhi kabla ya kula: 6.1, 5.8, 6.4, 5.9. Kila tarehe ina mstari chini yake, mara nyingi kwa mwandiko tofauti: ameelimishwa kuhusu lishe, ameelimishwa kuhusu lishe, ameelimishwa. Kwa daftari hilo bibi huyu ni mgonjwa wa mfano. Lakini unyayoni alikuwa na kidonda kilichokataa kufunga, na macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Daktari akiangalia namba anaona hakuna sababu ya kubadili dawa. Anarudishiwa ileile, anapangiwa tarehe.

Siku moja mwanafunzi wangu alikaa naye kwenye benchi wakati akisubiri kuitwa. Hakuwa na fomu mkononi. Alimwamkia, wakaongea habari za wajukuu na mvua, kisha akamuuliza: "Bibi, siku ya kliniki ikikaribia, nyumbani mnajiandaaje?"

Bibi akamjibu bila kuficha. "Mjukuu wangu, siku tatu kabla nakunywa uji mwembamba usio na kitu, na mchicha. Sitaki kuja kusemwa mbele za watu."

Baba aliyekaa pembeni akacheka, akasema hata yeye hufanya hivyo. Mama wa tatu kwenye benchi akaitikia kwa kichwa.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile ambacho uji wa siku tatu hauwezi kukidanganya, kilipokuja kufanyika kilisoma zaidi ya asilimia 11. Mwenye kisukari kwa kawaida tunamtaka awe chini ya 7, mzee tunamlegezea kidogo. Na hatari haikuishia hapo. Bibi alikuwa anatumia glibenklamidi, dawa inayoshusha sukari hata kwa mtu ambaye hajala. Kwa hiyo siku zile za uji alikuwa anameza dozi kamili juu ya tumbo karibu tupu, kisha anatoka alfajiri gizani kwenda kituo cha daladala. Angeweza kuanguka njiani, na daftari lingeendelea kusema anaendelea vizuri.

Sasa niambieni, huyu akaelimishwe nini? Kuhusu lishe anajua kuliko wanafunzi wangu wengi. Anajua hasa ni chakula gani kinapandisha namba, kwa siku ngapi, na akiacha itashuka kwa kiasi gani. Elimu tuliyompa aliishika barabara, akaitumia kujikinga dhidi yetu. Kilichokosekana ni kliniki ambayo mtu anaweza kufika na sukari ya 15 akasema "mwezi huu umenishinda" na asisemwe. Na hicho hakipatikani kwa kumwongezea mgonjwa somo, kwa sababu si yeye aliyekivunja.

Jambo hili lilipatikana kwa swali moja na benchi. Hakuna kijiti cha kupimia sukari ambacho kingelileta. Ndiyo maana ninazitetea tafiti za aina hii, za kukaa na mtu na kumsikiliza, kila ninapowasikia watu wa takwimu wakizidharau. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulituonyesha kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari na karibu 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Namba hizo tunazihitaji, bila hizo wizara haitengi fedha. Ila hazitaniambia kwa nini bibi anakunywa uji.

Wenzetu waliliona hili zamani. Juliet Corbin, muuguzi wa Marekani, pamoja na mwanasosholojia Anselm Strauss, katika miaka ya 1980 walikaa na wagonjwa wa muda mrefu majumbani mwao, wakaonyesha kwamba mtu mwenye ugonjwa usiopona ana kazi tatu kwa mpigo. Ana kazi ya ugonjwa wenyewe: dawa, vipimo, kliniki. Ana kazi ya maisha ya kila siku: kupika, kuuza, kulea. Na ana kazi ya kujijenga upya, kujua sasa yeye ni nani baada ya mwili kumgeuka. Tazama mafunzo yetu yote kwa wagonjwa, yanagusa ile ya kwanza tu. Mama anayekaanga vitumbua tangu saa tisa usiku, sisi tunamwambia ale kwa wakati. Barbara Paterson wa Kanada mwaka 2001 alikusanya tafiti 292 za namna hii akazisoma kwa pamoja, akaonyesha kwamba ugonjwa hausimami mahali pamoja katika maisha ya mtu: leo umejaa mbele ya macho yake, kesho umesogea nyuma akapumua, keshokutwa jambo dogo linaurudisha. Sisi tukimwona mgonjwa ameusogeza nyuma kidogo ili aishi, tunaandika "hafuati masharti".

Nani alisema utafiti unaoanzia kwenye maisha ya mgonjwa hauzai kitu? Chukueni habari ya insulini na joto, iliyotokea hapa hapa Afrika Mashariki. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, yaani kwenye friji. Kambi ya Dagahaley kule Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, nyumba za wakimbizi hazina friji. Kwa kanuni hiyo, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa, wengine zaidi ya mara moja kwa siku. Hebu fikirieni maisha ya mtu wa namna hiyo, atalima wapi, atauza nini, atamwacha nani na watoto. Ingekuwa rahisi sana kuandika kwamba wagonjwa wa Dagahaley waelimishwe umuhimu wa kufika hospitali. Badala yake shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipima joto la ndani ya nyumba zile, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, wakaiweka insulini maabara katika joto hilohilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne. Ikabaki na nguvu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliuliza mgonjwa anaishi vipi, wakaenda kuihoji kanuni.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka wanafunzi wetu wajifunze, na siioni tukiwafundisha.

Chukua mtihani wa vitendo wa kuchoma insulini. Karatasi za kusahihishia nilizowahi kushika zinafanana. Amenawa mikono, ameandaa trei, amehakiki jina, amevuta dozi sahihi, amechagua mahali pa kuchoma, ametupa sindano kwenye boksi la usalama. Yote hayo ni ya lazima, na muuguzi asiyeyajua asiguse mtu. Chini kabisa kuna alama ya kumwelimisha mgonjwa, nayo inapatikana kwa kusema. Mwanafunzi anageuka, anamwaga maneno yote aliyokariri, anapewa alama zake. Hakuna alama inayopatikana kwa kunyamaza ukamsubiri mtu amalize. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa hajawahi kupimwa hata mara moja kama anaweza kusikia jambo ambalo mgonjwa hakupanga kulisema.

Ninachopendekeza kinawezekana kesho asubuhi bila mfadhili. Kwenye mtihani huo, mgonjwa wa kuigiza apewe siri. Ameacha dawa tangu mwezi uliopita, au anagawana vidonge na mumewe, au anakunywa mitishamba aliyopewa na jirani. Asiitoe siri hiyo akifokewa wala akihubiriwa, aitoe akiulizwa kwa upole na kupewa nafasi. Mwanafunzi asiyeifikia asifaulu, kama ambavyo hafaulu aliyevuta dozi isiyo sahihi. Na darasani waletwe wagonjwa wenyewe kufundisha, walipwe nauli na posho kama tunavyomlipa mkufunzi mgeni. Yule bibi akikaa mbele ya darasa nusu saa, hakuna slaidi itakayomfikia.

Najua nitajibiwaje. Muuguzi mmoja, foleni imezunguka jengo, vijiti vya kupimia vimebaki boksi moja, saa ngapi ya kukaa na mtu benchini? Ni kweli, na serikali iajiri, hilo sibishani nalo. Lakini kufoka nako kunachukua muda. "Mama, umekula nini wewe, mbona sukari imepanda hivi, unataka kukatwa mguu?" ni sentensi ndefu kuliko "Mama, mwezi huu umekwendaje?" Na wanaopanga foleni tangu alfajiri wanakaa masaa wakisubiri, mahali ambapo wanafunzi wetu wamejaa na wengi wao wanashika simu.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaohitaji kuelimishwa kweli. Aliyegundulika jana hajui dalili za sukari kushuka, hajui kukagua nyayo, hajui kubadilisha mahali pa kuchoma. Huyo afundishwe, tena vizuri, na arudiwe. Na kliniki za VVU, tangu matibabu yalipoanza kutolewa kitaifa mwaka 2004, zimetuonyesha njia: ushauri nasaha, wagonjwa wanaowasaidia wagonjwa wenzao, mtu akikosa kliniki anafuatiliwa nyumbani. Ujuzi huo uko ndani ya hospitali zetu, mara nyingine korido moja tu kutoka kliniki ya kisukari. Wa presha na sukari wamekosa nini hata wasipewe?

Wasimamizi wenzangu, msimu wa tafiti unaanza tena na rasimu zitatufikia. Mwanafunzi akiniletea yenye "wagonjwa waelimishwe" wakati kurasa zake mwenyewe zimejaa habari za nauli, aibu na kufokewa, nitamrudishia. Nitamtaka aandike ni nani katika kile kituo anayepaswa kubadilika, afanye nini tofauti na anavyofanya leo, na kuanzia tarehe gani. Kisha arudi kituoni na kurasa mbili za Kiswahili, awasomee waliomhoji na wauguzi wa zamu wakiwa wamekaa chumba kimoja, kabla sijaweka saini yangu.