Mtoto Akitapika Damu, Ulizeni Habari za Kitovu

Mtoto wa miaka 5 amecheza vizuri mchana, usiku anatapika damu. Ukimpapasa tumbo, bandama imevimba. Jirani atasema karogwa, mwingine atasema ni malaria sugu. Mimi naomba liulizwe jambo moja zaidi: kitovu chake kilipona vipi?

Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama hupitia kwanza kwenye ini, kwa mshipa mkubwa ambao madaktari huuita vena pota. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupita hapo. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, mshipa wa kitovu umeungana na tawi la kushoto la vena hiyo, na siku za mwanzo baada ya kuzaliwa njia hiyo haijaziba sawasawa. Kitovu kikipakwa kinyesi cha ng'ombe au udongo kikaoza, vijidudu vina pa kupita. Damu huganda, vena huziba, na damu iliyokosa njia hujipenyeza kwenye vijishipa vya umio. Vijishipa hivyo hutanuka kwa miaka, hadi siku kimoja kipasuke.

Ini lenyewe mara nyingi ni zima kabisa, na hapo ndipo ninapoumia. Vipimo vya damu vya ini vinaweza kurudi vizuri, familia ikarudishwa nyumbani na dawa za malaria, wakati ultrasaundi ya Dopla, kipimo cha picha kinachoonyesha damu inavyopita mishipani, ingeonyesha palipoziba.

Siwalaumu bibi zetu peke yao. Hata mpira unaopitishwa kitovuni kumwokoa kichanga mahututi hospitalini unaweza kuacha bonge la damu. Tena watoto wengi chanzo chao hakipatikani.

Kwa watu wazima nako tunakimbilia kuuliza pombe, ilhali kuna usaha wa kidole tumbo, kongosho lililovimba, kichocho cha tumbo kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, na hitilafu ya jeni iitwayo JAK2, inayofanya damu igande kirahisi, iliyogunduliwa mwaka 2005. Hata mwiba wa samaki uliotoboa utumbo umewahi kuleta balaa hili.

Lakini narudi kwa kichanga. Kitovu kikiwa chekundu, kikinuka au kutoa usaha, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na muuguzi aandike kwenye kadi ya kliniki: kitovu kilioza, tarehe fulani. Miaka 5 baadaye, daktari wa zamu ya usiku ataukuta mstari huo.