Bei ya saa tisa

Saa nne asubuhi mnadani, mzee mmoja amemshika beberu wake kwa kamba ya katani. Mbavu za mnyama zinahesabika, ila mgongo bado umejaa kiasi. Mchuuzi anamsalimu mzee kwa Kigogo, mbukwa, kisha anapapasa kiuno cha mbuzi, anabonyeza kandokando ya uti wa mgongo na kutaja elfu tisini. Mzee anasema laki na ishirini. "Mzee wangu, huu ni mwezi wa kumi," mchuuzi anajibu, halafu huyo anaondoka. Saa sita anarudi na themanini na tano. Mzee anatikisa kichwa. Saa tisa kasoro lori la kurudi kijijini linapiga honi, muuza mahindi anakunja turubai lake, na beberu hajanywa maji tangu alfajiri. Anauzwa elfu sabini na tano. Mzee anahesabu noti mara mbili, ananunua madebe matatu ya mahindi, chumvi na sabuni, anapanda lori.

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, na tangu siku hiyo kila nikisikia ushauri mmoja wanaopewa wafugaji wa Dodoma, namkumbuka yule mzee. Ushauri wenyewe unajulikana: vuneni mifugo mapema. Uzeni Mei na Juni wakati mnyama amenona, wekeni fedha benki, kiangazi kiwakute na mifugo michache inayolingana na malisho. Tunausikia kwa mabwana mifugo, kwa madiwani, redioni, na kila ukitolewa huja na lawama ndani yake: mfugaji anapata hasara kwa sababu hajui biashara, anapenda kuhesabu mikia.

Ushauri huu una uzito wake na sitaki kuupunguza. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima tunapata milimita 500 hadi 600, tena mwaka ukiwa mwema. Kufika Septemba malisho yamebaki mabua na vumbi. Ng'ombe wetu wa asili, anayetembea mbali kwenda lamboni na kurudi, anaweza kupoteza asilimia 15 ya uzito wake au zaidi kabla mvua hazijarudi. Dume la kilo 250 mwezi Mei linafika Oktoba likiwa na kilo 210. Kilo arobaini zimeliwa na jua na hakuna aliyezilipia. Tena kumbukumbu bado ni mbichi: katika ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, kwa wafugaji wenzetu wa Simanjiro na Longido, huko kaskazini, ng'ombe walikufa kwa maelfu, na waliopata kuuza waliuza kwa bei ya kutupa. Aliyeiona mizoga ile halaumiwi akiwahimiza watu wauze mapema. Wataalamu wa mifugo nao wamekuwa Mpwapwa tangu Wajerumani walipoanzisha kituo pale mwaka 1905. Wanayajua mazingira yetu.

Ninachokataa ni hilo neno "hajui".

Mnadani bei haisomwi kwa shilingi peke yake. Wasikilize akina mama waliokaa kwenye kivuli cha mkwaju wakisubiri waume zao wauze. Wanaulizana: leo mbuzi mmoja gunia ngapi? Hiyo ndiyo bei yenyewe, na ndiyo hesabu ambayo sisi tunaoandika habari za minada huwa tunairuka. Chukua namba nyepesi za mfano. Juni, beberu ni laki na ishirini na gunia la mahindi la kilo mia ni elfu sitini: mbuzi mmoja, magunia mawili. Januari, beberu yuleyule amekonda na amefika elfu themanini, gunia limepanda hadi laki na kumi: mbuzi mmoja hafikishi hata gunia. Ukitazama shilingi tu, utasema mbuzi ameshuka bei kwa theluthi moja, ni hasara lakini inavumilika. Sasa tazama sufuria. Mbuzi wa Juni ananunua kilo 200, wa Januari kilo 73. Kaya ya watu saba, kila mmoja akila nusu kilo kasoro kwa siku, inavuka miezi miwili kwa mbuzi wa Juni. Kwa mbuzi wa Januari inavuka siku ishirini na tatu, halafu inarudi zizini kuchagua mwingine.

Nimezirudia hesabu hizi mara nyingi nikibadilisha bei huku na kule, na umbo lake halibadiliki. Jua lile lile linalomkondesha mbuzi ndilo linalomaliza ghala. Wanaoleta mbuzi mnadani Oktoba ndio hao hao wanaotafuta mahindi, wote kwa wiki zile zile, na wote wanajuana kwamba hawana la kufanya. Kwa hiyo bei moja inashuka na nyingine inapanda kwa wakati mmoja, na kaya ipo katikati kama kitambaa kwenye mkasi.

Mshauri akiziona namba hizi atasema: si ndiyo maana auze Juni? Haya, tumfuate mfugaji hadi Juni.

Juni ghala lina kitu. Hajui bado kama litafika Novemba au litakoma Januari, maana hilo litategemea wageni, wagonjwa na mvua zijazo. Zizini kuna mbuzi jike mwenye mimba ambaye kiangazi hakijaisha atakuwa amezaa, pengine mapacha. Kuna ng'ombe anayekamuliwa na watoto wanakunywa. Kuna maksai wawili watakaolima Desemba, na ukiwauza Mei, Desemba utapanga foleni kwa jirani kuomba jembe la kukodi wakati udongo unakauka. Ukiondoa hao, wanaobaki wa kuuzwa ni madume machanga, mbuzi tasa na ng'ombe mzee. Na hao huuzwa! Pita minada ya Kizota au Msalato baada ya mavuno utawaona. Mfugaji anavuna kile kilichoiva. Tunachomtaka auze zaidi ya hapo ni maziwa, jembe na watoto wa mbuzi wa kesho.

Tuseme basi ameuza wengine wawili ili anunue mahindi ya bei rahisi ayaweke. Kuyaweka miezi saba ni kazi nyingine. Tangu dumuzi agundulike Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, yule mdudu ambaye watu walimbatiza jina Scania kwa jinsi anavyobomoa, mahindi ya ghala la kawaida yanaweza kugeuka unga wa vumbi kabla ya Krismasi. Mifuko isiyopitisha hewa ipo na inafanya kazi vizuri, ninaipendekeza kwa kila mtu, lakini ni fedha nyingine ya kutoa kabla. Akiamua kukaa na fedha taslimu, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya jando na harusi, miezi ya kulipa madeni, na ndugu aliyekukopesha mwaka jana anajua umeuza. Mbuzi aliye zizini anakupa sababu ya kusema sina. Noti iliyo mfukoni haikupi.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia likijibiwa. Bei nzuri ya Juni ipo kwa sababu wauzaji ni wachache. Siku wafugaji wote wa Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa watakapoutii ushauri na kushusha mifugo yao mnadani mwezi mmoja, bei hiyo itakuwa wapi? Ushauri huu unamfaa anayeufuata peke yake. Ukifuatwa na wote, unaihamisha Oktoba na kuileta Juni.

Na kuna kumbukumbu ndefu kuliko ya 2022. Ugogo husimuliwa njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliyoitwa Mtunya. Mvua zilikatika, kweli, lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Watu waliozoea kuvuka mwaka mbaya kwa kubadilisha mnyama kwa chakula walifika kwenye mwaka mbaya hawana cha kubadilisha. Hata wa Simanjiro watakwambia: aliyeingia kwenye ukame na ng'ombe thelathini alitoka na wachache wa kuanzia, aliyeingia na wanne alitoka na fimbo. Ukilelewa na bibi aliyesimuliwa hayo na mama yake, wingi wa mifugo hauwezi kuwa jambo la sifa tu kwako.

Anayetaka kuona kwamba ng'ombe wa Oktoba bado ana thamani, awatazame wanaomnunua. Sehemu ya wanyama wale haiendi machinjioni moja kwa moja. Kuna watu wanaowachukua wamekonda, wanawafungia, wanawalisha pumba na mashudu ya alizeti kwa miezi mitatu hivi, kisha wanawauza wamejaa. Mashudu yenyewe yanatoka hapa hapa, Dodoma na Singida, kwenye mashine zetu za kukamua. Siwalaumu hata kidogo. Wanafanya biashara halali na wanatuuzia nyama nzuri. Lakini wanathibitisha kwamba zile kilo arobaini zilizopotea zinarudishika, na anayezirudisha ndiye anayelipwa. Kati yake na yule mzee hakuna tofauti ya elimu ninayoiona. Mmoja ana chakula cha miezi mitatu nyumbani, mwingine ana cha siku tatu.

Ndiyo maana narudi kwenye saa tisa. Kati ya saa nne na saa tisa yule beberu hakupungua kilo tano. Kilichopungua ni uwezo wa mzee kusema hapana. Kumrudisha nyumbani ni nauli ya mtu na nauli ya mbuzi, au kutembea usiku, na mnyama akifika atakuwa amekonda zaidi, na mahindi yatakuwa hayajanunuliwa. Mchuuzi anajua hayo yote kwa kutazama jua lilipofika. Hana haja ya kumdanganya mtu. Anasubiri.

Dalali naye hutupiwa lawama nyingi, na nyingine anastahili, hasa cha juu anachoficha kati ya bei ya mnunuzi na bei anayomwambia muuzaji. Hata hivyo ndiye anayemdhamini mgeni kwamba mnyama si wa wizi, na ndiye anayefuatiliwa mali kauli isipolipwa. Mwondoe leo, saa tisa itabaki saa tisa.

Vivyo hivyo mizani. Serikali imekuwa ikihimiza mifugo iuzwe kwa uzito badala ya kukadiria kwa macho, na ninaunga mkono kwa moyo wote. Jicho la mchuuzi aliyepapasa mbuzi elfu kumi halishindani kwa haki na jicho la mzee anayeuza watatu kwa mwaka. Mizani itamwambia mzee kwamba mbuzi wake ana kilo ishirini na saba na si ishirini na mbili, na hizo tano zitalipwa. Ila mizani inapima mwili uliofika mnadani. Haiwezi kumpa muuzaji siku saba za kusubiri bei nyingine.

Siku saba hizo zinaweza kutengenezwa, na kwa vitu visivyo vya ajabu. Zizi lenye kivuli, maji na mabua ambapo mnyama asiyeuzwa analala kwa malipo kidogo hadi mnada ujao. Mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yanayouzwa mnadani penyewe kuanzia Oktoba, pale pale mbuzi anapouzwa, badala ya kuja baada ya zizi kupungua. Bei ya mbuzi na ya gunia za minada mitatu ya jirani zikiandikwa ubaoni kila asubuhi, zikisomeka pamoja. Minada ya awali, ile wanakoanzia wafugaji kuuza, iko chini ya halmashauri, na ushuru wa kila mnyama anayeuzwa unakusanywa kwa mashine, risiti inatoka papo hapo. Kwa hiyo fedha ya kuanzia ipo, na inatoka kwa wafugaji wenyewe.

Katika mnada ule kuna birika refu la saruji upande wa mashariki, lililojengwa kwa ajili ya kunyweshea. Limepasuka katikati. Ndani yake kulikuwa na majani makavu na chupa za plastiki. Mzee alikuwa amemfunga beberu wake kwenye nguzo ya birika hilo tangu saa mbili, na mara mbili nilimwona mbuzi akiingiza mdomo ndani, akisubiri, kisha akiutoa.