Mapezi na kromu: Wamarekani walipigwa au walijua wanachonunua?

Ikipita picha ya Cadillac ya 1959 mtandaoni lazima watu wabishane, kambi moja inasema ile ndo ilikuwa mikoko bwana, siku hizi tunauziwa sabuni zenye matairi, wengine wanasema acheni hizo, yale yalikuwa mabati yaliyopakwa kromu, ile metali ya kung'aa, ili mteja atoe hela bila kujua anatolea nini. Mi naona wote wana hoja, ila wanagombania mapezi, yale mabati yaliyosimama nyuma ya gari kama mapezi ya samaki, wakati tatizo lilikaa kwingine kabisa.

Hebu tuwape kwanza wanaolalamika haki yao. Mpaka 1927 Henry Ford alikuwa keshatengeneza Model T zaidi ya milioni 15, gari lilelile miaka nenda rudi, na kwa miaka mingi rangi ni nyeusi tu. Bosi wa General Motors (GM), Alfred Sloan, akaona mtu mwenye gari linalotembea vizuri hana sababu ya kununua lingine, mpaka umfanye alione la kwake limechuja. Hapo ndo ikashika kasi ile staili ya kubadili sura ya gari kila mwaka, na ngazi ya kupanda nayo ipo, zote chapa za GM: unaanza na Chevrolet, mambo yakikunyookea Pontiac, halafu Oldsmobile, Buick, ukishatoboa kabisa unavuta Cadillac. Hela huna? Kampuni ilikuwa na mkono wake wa mikopo tangu 1919. Jirani akipaki ya mwaka huu na wewe una ya miaka mitatu nyuma, mtaa mzima unajua bila kuuliza, na hiyo haikutokea kwa bahati mbaya, ilipangwa mezani.

Mtu wa kuichora hiyo hali alikuwa Harley Earl, jamaa aliyetokea Hollywood alikokuwa anatengenezea mastaa wa filamu bodi za magari. GM walimchukua, akawatolea gari la LaSalle la 1927, akabaki hapo mpaka 1958, na mwenyewe alisema waziwazi kazi yake ni kulirefusha na kulishusha gari la Mmarekani. Mapezi yale yeye na vijana wake waliyatoa kwenye ndege ya kivita ya P-38, ile yenye mikia miwili, wakayaweka madogo tu kwenye Cadillac ya 1948. Miaka 11 baadaye mapezi yamepanda mpaka unajiuliza hili gari au linaruka, kila upande taa mbili nyekundu zimechongoka kama risasi, na gari zima lina urefu wa karibu mita 5.7. Kazi ya mapezi? Hakuna. Wapinzani wao Chrysler walijaribu kudai yanasaidia gari kutulia likiwa spidi, ila kwa spidi za baba anayeenda kazini hayo yalikuwa maneno ya shorumu tu.

Sasa hapa ndo natofautiana na wanaosema watu walidanganywa. Mnunuzi wa Marekani hakuwa zuzu. Mwaka 1955 Dodge, chapa ya Chrysler, walitoa La Femme, gari la wanawake, limepakwa pinki na nyeupe, na nyuma ya siti za mbele kuna mifuko ya kuwekea zawadi unazopewa na gari: mkoba, lipstiki, kiberiti cha gesi, mwavuli na koti la mvua vya rangi za kuendana na gari. Yaani kuna wanaume walikaa ofisini wakaamua mwanamke anachokosa kwenye gari ni lipstiki 😂 Wanawake wakalipita, 1956 likafa. Ford nao wakaja na Edsel Septemba 1957, matangazo ya kutisha, siri kibao kabla ya uzinduzi, ila watu walipoliona wakasema hapana asante, na Novemba 1959 likafungwa na hasara inayotajwa kuwa dola milioni 250. Kampuni hiyohiyo ikaleta Mustang Aprili 1964, chini yake ni vifaa vya Falcon, gari dogo la Ford la kawaida kabisa, bei ilianzia dola 2,368, umbo ndo lilikuwa jipya, watu wakaligombania. Kama matangazo yangekuwa na nguvu ya uchawi Edsel ingeuza. Mtu aliyenunua mapezi alijua ananunua mapezi, alitaka kufurahi, na sioni kosa la mtu kufurahia hela yake. Na yule wa kipato cha chini alipata gari zuri la mkono wa pili kwa bei nafuu kwa sababu tu tajiri keshalichoka.

Ambacho hakujua ni kile kisichoonekana shorumu, na hapo siwatetei. Plymouth ya 1957, chapa nyingine ya Chrysler, ilitangazwa kwamba ghafla imefika 1960, na kweli kwa sura ilikuwa moto, mchoraji wa Chrysler, Virgil Exner, aliwaacha GM wameduwaa, lakini magari ya Chrysler ya mwaka ule yalitolewa harakaharaka, yakawa yanavuja maji na kushika kutu mapema. Hiyo tangazo halikusema.

Usalama nao ndo balaa zaidi. Ford walijaribu kuutangaza 1956, usukani wa kupunguza madhara kifuani, vitasa vya mlango visivyofunguka ovyo kwenye ajali, mikanda ukitaka unaongeza hela. Chevrolet wakawazidi mauzo, na Detroit nzima, mji wa kampuni za magari, ikaimba kwamba usalama hauuzi. Mi hiyo hesabu siikubali sana, kwa sababu Chevrolet ilikuwa imetoka upya 1955 na injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyokuwa inasumbua mji, wangeshinda tu. Ila kisingizio kilishapatikana, na miaka ikapita mpaka mwanasheria Ralph Nader alipowaanika kwenye kitabu chake cha 1965, mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari.

Kuanzia 1 Januari 1968 gari jipya la abiria likawa halitoki bila mikanda. Dodge Charger mpya ilitoka kwa modeli ya mwaka huohuo, kiuno kimebanwa, taa za mbele zimefichwa ndani ya grili, mikanda ipo, na iliuza kuliko Dodge wenyewe walivyotegemea.