Nimefungiwa barabara, kombora linapita

Aisee watu wangu, mimi kufungiwa barabara sio kitu kigeni. Nimekulia Tanga, nikakaa Dar miaka 6, msafara wa mkubwa ukipita unazima gari, unanunua karanga kwa machinga, unasubiri ving'ora viishe, maisha yanaendelea. Ila jana nimesimamishwa huku New Mexico, barabara ya 70, natoka Las Cruces naenda Alamogordo na trela langu la futi 53 limejaa mtindi, nimekaa saa nzima na ushee, na hakuna mkubwa yeyote aliyepita. Anayepita ni kombora.

Yani hiyo lami inakatiza katikati ya White Sands, uwanja wa jeshi la Marekani wa kujaribia makombora tangu 1945, kilomita za mraba kama 8,300, Unguja unaipanga humo mara 4 na chenji inabaki. Wakitaka kurusha kitu wanafunga njia kwanza kisije kikamuangukia mtu, na ratiba wanatangaza mapema kabisa, kwa hiyo wao siwalaumu. Wa kulaumiwa ni dispacha wangu, yule wa ofisini anayenipangia safari. Kampuni yetu (jina nalikalia, nina familia) imetuwekea apu mpya kwenye simu, eti inaangalia baridi ya trela, inakwambia barabara ipi imefungwa, nikauliza jamani hii imeshajaribiwa? Dispacha ni Mkenya mmoja mchangamfu, akanijibu, "Wewe ndio wa kwanza buda, itumie halafu utuambie."

Hapo ndio roho iliponiuma, maana nimekaa nimetazama jangwa ambalo watu wamemwaga mahela miaka na miaka ili kitu kisimfikie mtumiaji kabla hakijapigwa, kikachomwa, kikanyeshewa. Hapo jirani kwenye kambi ya Holloman wana reli inayozidi kilomita 15, imenyooka kama uzi wa fundi, haibebi abiria wala mahindi. Wanafunga maroketi kwenye kigari, mbele wanaweka kichwa cha kombora au kiti cha rubani, wanaachia. Aprili 2003 kigari kimoja kilipita kilomita 10,000 kwa saa, na kwa sababu hewa ya kawaida ilikuwa inakisumbua wakaijaza njia heliamu, ile gesi ya maputo ya bathidei, ili kipenye vizuri. Mimi gari langu limefungwa gavana, kile kidude cha kuzuia mwendo, maili 65 kwa saa basi, kwenye kilima napitwa na bibi wa watu anayeenda kanisani.

Halafu wanatengeneza mvua. Jangwani! Kuna kipande cha hiyo reli kina mabomba pembeni yanamwaga matone, waone kombora likipita kwenye mvua pua inalika kiasi gani, maana kwa mwendo ule tone la maji linagonga kama kokoto. Waipa ya upande wangu imekufa toka Februari. Nimeripoti mara 3. Mvua ikinyesha natoa kichwa dirishani kama konda wa daladala.

Kuna daktari wa jeshi, John Paul Stapp, Desemba 1954 alijifunga mwenyewe kwenye kigari hapo hapo Holloman, kikafika kama kilomita 1,000 kwa saa, halafu kikasimama ndani ya sekunde 1.4, macho yakavilia damu, yote ili wajue rubani anaweza kuvumilia nini akiruka kutoka kwenye ndege. Sawa, shujaa. Lakini yule alijitolea. Mimi nimejitolea lini?

Na joto sasa. Eisii ya kwenye kichwa cha gari inapuliza hewa kama ya kinywa cha mgonjwa, wakati kule Eglin, Florida, kuna jumba ambalo ni friji la kuingiza ndege nzima. Ndege ya kivita ya F-35 ilikaa humo miezi 6, kuanzia mwishoni mwa 2014, inapigwa barafu, inapigwa joto, inapigwa ukungu, waone italalamika wapi. Mimi nalalamika bila hata kupimwa na hakuna anayeandika popote.

Sisemi wasijaribu, bora liharibikie jangwani. Wachina nao 2023 wamemaliza handaki lao la upepo, JF-22, la kujaribia vyombo vya mwendo mkali, kwa hiyo hakuna atakayelala, na bajeti ya ulinzi ya Marekani inazidi dola bilioni 800 kwa mwaka. Mi naomba waipa tu.

Basi dispacha akapiga anapiga kelele, "Mzee, mtindi unachemka! Apu inasema nyuzi 38!" Nikamwambia kaka, 38 ni Farenhaiti, hiyo ni baridi ya friji, apu yenu imeandika Selsiasi. Kimya. Halafu, "Ala! Umefanya poa kutuambia." Huku saa zangu 14 za kazi zinakatika nimekaa tu, ile mashine ya kuhesabu masaa haijui kombora wala mtume.

Mara mama anapiga WhatsApp, kule Tanga jua limeshazama, ni saa za magharibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekula? Mbona umesimama?"

"Wamefunga barabara."

"Anapita nani?"

"Kombora, mama."

"Subhanallah! Linaenda wapi?"

"Haliendi popote, wanalijaribu."

"Na likikosea njia?"

Nikamwambia lilishakosea, 1947, roketi moja iliyoundwa kutokana na V-2, zile walizochukua kwa Wajerumani baada ya vita, badala ya kwenda kaskazini ikaenda kusini, ikavuka mpaka ikaanguka Juárez, Mexico, karibu na makaburi, Marekani ikaomba radhi ikalipa.

Mama akafikiri kidogo. "Ilivuka bila viza?"

"Bila viza."

"Na wewe walikunyima mara 2."

Nikakaa kimya, maana hilo nilikuwa nimeshalisahau na sasa limenirudia lote pamoja na hela ya fomu.

Barabara ikafunguliwa. Mlio sijasikia, moshi sijauona, katangulia pikapu moja tukaanza kusogea kama foleni ya Ubungo. Nimefika mbele kidogo simu ikalia, apu: tahadhari, barabara ya 70 itafungwa leo saa 3 asubuhi. Saa 4 na nusu hiyo.

Mama bado yuko hewani. "Sasa limefika?"

"Nini?"

"Hilo kombora."

"Mama, lile halina pa kufika. Ni mimi ndio sijafika."