Kompyuta inasema plastiki ya nanotyubu ni ngumu balaa, tuiamini mpaka wapi?

Vijana wa uhandisi wakirudi likizo hapa Kigoma wanakuja na hoja kwamba resini ya boti za faiba, ile plastiki ya maji inayoganda, ikichanganywa na nanotyubu za kaboni boti itakuwa nyepesi na ngumu zaidi, na ukiwauliza ushahidi wanakuonyesha mahesabu ya kompyuta. Mafundi boti wa Kibirizi wanawajibu kwamba hiyo kompyuta haijawahi kupigwa na wimbi la Tanganyika. Mi naona kila upande umeshika nusu.

Tusiwabeze vijana lakini. Nanotyubu ni kimrija cha kaboni tupu, cha ukuta mmoja upana wake ni kama nanomita 1 hivi, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, na vilianza kuvuma baada ya Mjapani Sumio Iijima kuvieleza mwaka 1991. Kwa kukataa kunyumbuka, ndo ugumu wenyewe, kinafika kama gigapaskali 1,000 (kipimo cha nguvu kwa eneo) wakati chuma ni 200 na resini ya epoksi ni 3 tu. Mwaka 2000 watafiti walivivuta kimoja kimoja, vikakatika kati ya gigapaskali 11 na 63, chuma cha kawaida cha ujenzi hata 1 hakifiki. Sasa mali ya namna hiyo ni ghali, mashine ya kuvutia sampuli nayo ni ghali, ila laptopu mwanafunzi anayo, anaweza kujaribu michanganyiko mia kabla hajanunua hata gramu.

Shida inaanzia kwenye hesabu rahisi. Weka nanotyubu asilimia 1 ya ujazo, zote ndefu, zimenyooka, zimelala upande mmoja, unapata kama gigapaskali 13 kutoka 3. Aisee! Zikitawanyika kila upande ile nyongeza inabaki moja ya tano, unashuka kwenye 5. Halafu kwenye resini hazinyooki, zinajipinda, hapo unashuka tena. Kuna jaribio la kweli la mwaka 2000 kwenye plastiki ya polistireni, asilimia 1 ya uzito, ugumu ukapanda asilimia 36 mpaka 42 na nguvu ya kukatika kama asilimia 25. Ni faida nzuri tu ila si ile ya ndotoni, na modeli za kompyuta zilizoingiza huko kujipinda ndo zilisaidia kueleza faida inapotelea wapi, kwa hiyo fundi anayesema kompyuta ni upuuzi hapo namkatalia.

Ila kijana naye asichanganye ugumu na kuvunjika. Ugumu ni wastani wa kipande kizima, modeli ikikosea kidogo hapa na pale jibu bado linakaa karibu na ukweli. Kuvunjika hakujali wastani hata kidogo, kamba ya wavu inakatikia pale ilipolika hata kama mita zote zilizobaki ni mpya. Na nanotyubu zinapenda kung'ang'aniana, zinafanya mabonge, bonge moja au kipovu kimoja cha hewa ndo mwanzo wa ufa, wakati modeli nyingi zinachukua kipande kidogo kisafi zikidhani boti nzima iko hivyo hivyo. Tena kuna kitu wengi hawakisemi, zile simulesheni zinazofuata atomu moja moja huwa zinaenda kwa hatua ndogo mno ya kama femtosekunde 1, hatua milioni nzima ni nanosekunde 1 tu, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo ili plastiki ikatike ndani ya muda huo lazima uivute kwa kasi ambayo hakuna maabara wala wimbi linaloifikia, na plastiki ikivutwa haraka hivyo inaonekana imara kuliko ilivyo. Mshikano wa kimrija na resini nao mara nyingi ni dhaifu, kinachomoka badala ya kubeba mzigo, na ukiandika kwenye programu kwamba vimegandana kabisa jibu litapendeza sana, ni la uongo lakini.

Halafu resini yenye nanotyubu inakuwa nzito kumiminika, kwa brashi na rola haiingii vizuri kwenye mkeka wa faiba, inaacha sehemu kavu. Hilo sijaona kijana yeyote akiliweka kwenye modeli yake, na vumbi la nanotyubu si la kuvuta puani, zile ndefu na ngumu zimewasumbua panya maabara kama asbesto.

Kwa hiyo mtu akinionyesha grafu ya ugumu namsikiliza. Akinionyesha ya nguvu ya kuvunjika nataka aniambie ameweka mabonge mangapi, amevuta kwa kasi gani, na sampuli iliyokatwa kweli iko wapi. Kama hana, hela ya nanotyubu aongezee mkeka wa faiba kwenye kitako cha boti.