Jua la Kigamboni Halitaki Kuzama Baharini

Nikitaja kazi yangu watu wananitazama kama nimesema nafuga pweza. Nachora picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Si ramani, ramani anachora msanifu, mwenye mhuri wake na tai yake. Mimi naletewa hiyo ramani, naisimamisha kwenye kompyuta, naweka bati, rangi, geti, maua, na gari ambalo mwenye nyumba bado hajalinunua, halafu natoa picha utadhani imepigwa jana. Sina bosi wala ofisi, nafanyia chumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Shangazi aliniuliza natumia nini, nikamtajia programu yangu kwa kujisifu kabisa: Blender. Tangu siku hiyo ukoo mzima unajua nauza juisi. Juzi kanipigia: parachichi za Rungwe zimeshuka bei, aniagizie gunia?

Wiki hii nachora bwawa la kuogelea la mita 12. Maji tu yamenichukua siku mbili, maana mteja anataka yameremete lakini yasimeremete sana. Maji yangu mimi yako pale mlangoni, madumu matatu ya lita 20, na moja halina kifuniko, nimeliziba kwa mfuko wa nailoni.

Halafu kuna hii ya "we si unabonyeza tu?" Ndiyo, nabonyeza. Mteja mmoja alitaka video, "ya nusu dakika tu, mdogo wangu." Sasa piga hesabu na mimi. Kila sekunde moja ina picha 25, nusu dakika ni picha 750. Kompyuta yangu inapika picha moja kwa dakika nne. Jumla dakika 3,000, yaani saa 50, siku mbili usiku na mchana, na huruhusiwi kuizima hata kwa kumpisha mgeni. Ikianza kurenda, yaani kuzipika hizo picha, feni inalia kama mashine ya kusaga sembe, na chumba kinapata joto la kukaushia dagaa.

Na luku ya nyumba yetu ni moja, wapangaji sita tunachangishana. Jioni ya pili tu kikao kikaitishwa uani. Uniti zimekwenda wapi? Aliyesimama kunishitaki ni mama muuza barafu, mwenye friji mbili zinazounguruma tangu alfajiri, moja ya ukwaju, moja ya ubuyu. "Huyu kijana ana mashine ndani." Nikaambiwa nichange mara mbili. Nikachanga, ningefanyaje, na swichi kubwa iko nje ya mlango wake? Usiku huohuo, saa saba, umeme ukakatika mtaa mzima. Picha ya 412. Mama mwenye barafu akapita dirishani kwangu na tochi ya simu, akasema, "Umeona sasa?" Kana kwamba nimeuzima mimi.

Miti nayo ni kesi. Miti ya kupakua bure imejaa mialoni na misonobari. Mwarobaini au mkungu unautafuta mpaka bando linakata. Watu ndio usiseme. Wa bure wengi ni Wazungu wamevaa makoti na skafu. Niliwahi kuwapanga mbele ya duka moja la Mbagala, mwezi wa kumi na mbili, mwenye duka akaikodolea picha macho akaniuliza, "Hawa wana homa?" Akaongeza: "Na huyo mwenye mbwa mtoe, mimi nimeshahiji."

Mwingine alinipigia saa tano usiku ananifokea kwamba nimemchorea ukuta una ufa. Nikaifungua picha, nikaikuza, nikaikagua tofali kwa tofali, hakuna kitu. Asubuhi nikamfuata. Ufa ulikuwa kwenye kioo cha simu yake. Hata hivyo akaniomba niangalie kama naweza kuupunguza.

Lakini aliyenimaliza ni mzee wa Kigamboni. Mtu wa Mwanza, kazaliwa huko, kakulia huko, na tangu utoto wake ameona jua likizama ziwani. Sasa kapata kiwanja ukingoni mwa bahari, anataka picha ya baraza: jioni, jua jekundu linaingia majini, yeye na mama watoto wanakunywa chai.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Huku jua linatoka baharini. Kuzama linazama upande wa Mbagala."

"Marahaba. Kijana, jua linazama kwenye maji."

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia picha iwe hiyohiyo, ila tuiite asubuhi; jua likiwa chini rangi ni ileile, nani atajua? Akakataa. "Asubuhi mimi sinywi chai barazani. Asubuhi niko kwenye foleni ya pantoni."

Basi. Kwenye kompyuta jua ni mali yangu, nalizungusha kwa kidole kama kifuniko cha chupa. Nikalichukua kutoka Mbagala, nikalizamisha Bahari ya Hindi, nikamwaga na wekundu kidogo juu ya mawimbi. Naomba radhi kwa wanajiografia wote. Mzee aliipenda mno, akaifanya picha ya wasifu wa WhatsApp, akanilipa nusu. Nusu nyingine atamalizia nyumba ikisimama.

Juzi kanipigia: njoo saiti, na picha yako. Nimevuka na pantoni, nimefika saa kumi na mbili kasorobo jioni. Kuta zimepanda mpaka kwenye linta, baraza imeshamwagwa zege, na juu yake kuna viti viwili vya plastiki na chupa ya chai. Mzee ameshakaa, ameitazama bahari. Na bahari imeanza kuwa nyeusi, hakuna kitu kule zaidi ya ngalawa moja inarudi.

Jua lilikuwa linampiga kisogoni. Masikio yake yote mawili yalikuwa yanang'aa.

"Mzee," nikamwambia, "sasa ile hela..."

"Kaa kwanza," akasema, akanisogezea kikombe. "Bado halijafika."